Mbwa wa shamba akikojoa damu, tuache kubahatisha na sindano

Leo naweka kando bei ya pumba na chanjo ya kideri. Tuongee kuhusu mbwa wa ulinzi. Msimamo wangu ni huu, na najua wengine mtanicheka: mbwa mwenye uvimbe kwenye kibofu cha mkojo anastahili kupimwa mapema, na ikiwezekana afanyiwe upasuaji. Siyo anasa.

Kilichonisukuma ni kosa langu mwenyewe. Kijana mmoja wa kuku wa mayai alinipigia simu: "Afisa, mbwa wangu anakojoa damu." Nikaenda, nikachoma OTC. Damu ikapungua, tukafurahi. Wiki tatu baadaye ikarudi, nikachoma tena. Tulizunguka hivyo miezi minne. Alipokuja kupigwa utrasaundi, uvimbe ulishakaa kwenye shingo ya kibofu na kubana mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo. Daktari akasema pale hapakatiki. Tukakubaliana achomwe sindano asiendelee kuteseka. Yule kijana hakunilaumu, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Nilichojifunza ni kwamba uvimbe wa kibofu mara nyingi huja pamoja na maambukizi ya bakteria. Antibayotiki inatuliza maambukizi, damu inapungua, nyie mnadhani amepona. Uvimbe wenyewe unaendelea kukua.

Tena mkojo mwekundu una sababu nyingi. Kuna ugonjwa wa kupe unaovunja chembe nyekundu za damu, kuna mawe ya kibofu, na kuna ule uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa huambukizana wakipandana. Huo wa mwisho mara nyingi unapona kwa dawa ya vinkristini, bila kisu. Sasa bila kupima, unatibu kitu gani?

Kuhusu upasuaji, nafasi ndiyo inayoamua. Uvimbe ukiwa juu, mbali na shingo ya kibofu, daktari anaweza kukata kipande hicho na kushona, na kibofu kinaendelea na kazi. Bahati mbaya, saratani ya kibofu cha mbwa hupenda kukaa shingoni, na hata ikikatwa inaweza kurudi. Kwa hiyo sisemi kila mbwa apasuliwe. Wengine husaidiwa na vidonge kama piroksikamu, kwa kipimo cha daktari. Usijaribu mwenyewe: ibuprofeni au diklofenaki ya nyumbani inaweza kumharibu figo na kumtoboa tumbo.

Mtaniambia, "Afisa, si nichukue mbwa mwingine tu?" Sawa, mbwa wapo. Lakini piga hesabu ya muda wa kumfundisha mwingine ajue watu wako na asile kuku wako, halafu linganisha na gharama ya kipimo. Na zaidi ya hesabu, mnyama aliyekulinda miaka saba usimwache akijikamua mkojo kwa maumivu nyuma ya banda.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wapiga dawa. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliripoti kwamba mbwa aina ya Scottish Terrier waliokaa kwenye nyasi zilizopuliziwa dawa za magugu, zikiwemo za jamii ya 2,4-D, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya saratani hii. Ni aina moja ya mbwa, kweli. Lakini kumfungia mbwa siku ya kupuliza hakukugharimu kitu.

Mimi nimeshaamua: sichomi tena mbwa anayekojoa damu kabla hajapimwa. Ukimwona anachuchumaa mara kwa mara, anatoa matone, au mkojo una rangi ya damu, usinipigie nije na sindano. Nipigie tumtafute daktari wa mifugo. Akiwa hana mashine, hospitali ya wanyama ya SUA pale Morogoro ipo.

Tuonane shambani.