Miaka 25 ya nani? Paneli inaozea mgongoni!

Mwenzenu nilikuwa kimya, testi zimeniandama. Ila leo lazima niandike, maana nimetoka kusikiliza watu wakiwasilisha projekti na damu inachemka. Vikundi sita, sola ya zahanati, sola ya pampu, sola ya shule, na vyote vina sentensi ile ile: "Paneli itadumu miaka 25." Nikauliza, mmeitoa wapi? Jamaa mmoja akajibu, "Si imeandikwa na kampuni?"

Jamani. Kilichoandikwa pale ni ahadi ya wati. Shuka chini kidogo kwenye karatasi hiyo hiyo, utakuta dhamana ya paneli yenyewe, na mara nyingi ni fupi zaidi, miaka 10 au 12. Nani alisoma mpaka huko?

Na silikoni yenyewe siyo ya kwanza kufa. Seli imefungwa ndani ya plastiki: juu kioo, chini yake gundi angavu, mara nyingi ile inayoitwa EVA, kisha seli, gundi tena, halafu mgongoni plastiki nyingine ya kuzuia maji na umeme usivuje. Jua, joto na unyevu vikiichosha EVA, inageuka njano na kutoa asidi ya asetiki, ile ile iliyo kwenye siki. Asidi hiyo inakula metali za seli polepole. Ule mgongo nao ukipasuka, maji yanaingia, na siku ya mvua inveta inakataa kuwaka. Kwenye mfumo wa paneli nyingi zilizoungwa mfululizo, volti mamia kadhaa, hata kushika fremu si salama.

Hii imetokea kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 paneli nyingi duniani zilitengenezwa na mgongo wa poliamaidi. Zilipita vipimo, cheti zinacho. Baada ya miaka michache tu juani migongo ikaanza kupasuka, nyingine kabla hata ya kufikisha miaka 10.

Zilipitaje? Fanyeni hesabu. Kipimo cha IEC 61215 kinadai dozi ya urujuanimno ya kWh 15 kwa mita ya mraba. Jua letu ni kama kWh 5 kwa siku, na urujuanimno ndani yake ni kama asilimia 5. Yaani dozi nzima ya cheti tunaimaliza kwa miezi miwili hivi! Kipimo cha joto na unyevu ni nyuzi 85, unyevu asilimia 85, masaa 1,000. Ni kikali, sikatai, lakini kiliwekwa kukamata makosa ya mapema. Hakisemi popote kwamba paneli itafika miaka 25 Tanga au Mtwara.

Najua mtaniletea Lugano, Uswisi, ambako paneli zilizofungwa 1982 zilikuwa bado zinatoa umeme baada ya miaka 35. Safi. Zilitengenezwa na ARCO Solar. Kampuni hiyo hiyo ikajenga kituo kikubwa Carrizo Plain, California, kuanzia 1983, ikaongeza na vioo vya kuakisi jua. EVA ikageuka kahawia ndani ya miaka michache, na kituo kikaja kubomolewa miaka ya 1990. Paneli za Lugano gundi yake ilikuwa PVB, siyo EVA, na hazikuchomwa na vioo. Kwa hiyo ukiniambia "paneli hudumu", nitakuuliza: gundi gani, mgongo gani, hali ya hewa gani?

Na msikimbilie kioo pande zote mbili mkadhani mmemaliza. Ndani ikiwa EVA, ile asidi inakosa pa kutokea. Ulizeni kama gundi ni poliolefini, hiyo haitoi asidi ya asetiki.

Kikundi cha zahanati ndicho kilichoniudhi zaidi. Wameweka friji ya chanjo kwenye hesabu, betri wamepanga kubadilisha, paneli hakuna hata shilingi ya kuikagua. Mwaka wa nane nani atapanda pale juu kuangalia mgongo? Nesi?

Sasa wananinunia, eti nimewaharibia maksi. Nimewaambia warudi kwenye lile duka walikochukua bei, wageuze paneli, waulize ile plastiki nyeupe ya nyuma ni ya nini. Muuzaji akiwajibu, soda juu yangu.