Pasipo na Alama Katika Ramani



Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa nchini Kenya, serikali ya huko ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 1,100. Mtu wa Mombasa alikuwa na nduguye Eldoret, na habari zilizomfikia nyingi zilikuwa uvumi.

Ndipo Januari 2008 watu wachache, akiwamo mwanasheria Ory Okolloh, walipobuni programu waliyoiita Ushahidi. Aliyeona nyumba ikichomwa au watu wakifukuzwa alituma habari kwa simu ya mkononi au kwa intaneti, nayo ikawekewa alama katika ramani ya nchi, baada ya kulinganishwa na habari nyingine kila ilipowezekana. Mwaka 2010 programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Jina walilolichagua si la mchezo. Shahidi hasemi aliyoyasikia barazani; husema aliyoyaona, naye huhojiwa. Siku zile zile, simu za mkononi zilikuwa zikipeleka pia jumbe za kuchochea kabila dhidi ya kabila. Chombo kilikuwa kimoja. Tofauti ni kwamba huku alikuwapo mtu wa kuuliza: nani ameona, wapi, lini? Leo mitaa mingi ina makundi ya WhatsApp, na muulizaji huyo ni nadra kumkuta.

Lakini jambo linalonishughulisha zaidi ni jingine. Mjane aliyekimbia bila simu, au aliyeogopa kujulikana, hakuacha alama yoyote katika ramani ile. Kijiji kisicho na alama chaweza kuwa na amani. Chaweza pia kuwa hakikubakiwa na msemaji. Ramani haipambanui.

Nasi tunafanya kosa hilo hilo misikitini. Kamati hutuma swali kwa simu, vijana saba hujibu, kisha hutangazwa kwamba jamaa wote wameridhia. Wazee wengi wa safu ya kwanza (tuseme kweli) hawana simu za namna hiyo, na zipo nyumba ambazo simu ni moja nayo hukaa mfukoni mwa baba. Basi kamati ikishatuma ujumbe wake, iwatume pia watu wawili, mwanamume na mwanamke, wakapige hodi katika nyumba ambazo hazikujibu.