Shule ya Udereva kwa Mkazi wa Kifaru

Shule ya udereva huchaguliwa kwa kumtazama mwalimu na gari analofundishia, si kwa ukubwa wa jina lililoandikwa kwenye kibao. Kwa mkazi wa Kifaru, kando ya barabara kuu itokayo Moshi kwenda Same, njia ni mbili: shule ndogo ya karibu na nyumbani, au chuo chenye matawi nchi nzima, ambako atalazimika kusafiri na pengine kupanga chumba. Anayeanza na gari dogo aifikirie kwanza shule ya karibu, mradi iwe imekaguliwa sawasawa.

Sababu kubwa ni barabara zenyewe. Kwenye lami hupita mabasi ya Arusha na Dar es Salaam pamoja na malori mazito, na mwanafunzi hana budi kujua kuingia humo akitokea barabara ya vumbi, huku bodaboda zikimpita kulia na kushoto. Akikata kona Mwanga kuelekea Usangi, anakutana na mlima. Hapo ndipo udereva unapopimwa. Gari limesimama katikati ya mwinuko, nyuma yake pana pikipiki iliyopakia mkungu wa ndizi; handibreki imevutwa, klachi inaachiwa polepole mpaka injini ibadili mlio na pua ya gari iinuke kidogo, ndipo handibreki iachiwe. Likirudi nyuma hata hatua moja, somo halijaeleweka. Wakati wa kuteremka, gari hushikwa na gia ya pili au ya kwanza. Anayeteremka kwa nyutro ili kubana mafuta huziachia breki kazi yote. Zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kuishiwa nguvu, na kona za milima ya Upare hazimsubiri mtu. Mambo haya hayafundishiki kwenye uwanja tambarare wa mjini, hata kama chuo kina majengo ya ghorofa.

Kuna pia suala la muda. Leseni ya mwanafunzi, ambayo wengi huiita lena, hudumu miezi 3. Anayeishi karibu na shule anaweza kushika usukani mara nyingi ndani ya muda huo bila kumaliza fedha kwa nauli na chakula cha mgahawani.

Lakini ujirani una hatari yake, nayo isifumbiwe macho. Mwalimu anayemfahamu baba wa mwanafunzi huona haya kumwambia kijana kwamba bado hajaiva. Mzazi naye huomba cheti kitoke mapema, eti mtoto amepata kazi. Cheti cha namna hiyo ni deni, na atakayelilipa ni mtu anayevuka barabara. Mzazi mwenye huruma ya kweli amwambie mwalimu amzuie mwanawe mpaka aweze.

Kabla ya kulipa, iulizwe shule kama imesajiliwa na kama mwalimu ana kibali cha kufundisha. Gari litazamwe: liwe na kibao cha L mbele na nyuma, na breki ya pili upande wa mwalimu. Iulizwe wanafunzi wangapi hupanda gari moja, maana saa moja ikigawanywa kwa watu watano, kila mmoja hupata dakika 12, na muda uliobaki huutumia kutazama dirishani. Stakabadhi ionyeshe saa za usukani zilizolipiwa na kama ada ya lena imo. Lililo bora zaidi ni kuomba kukaa kiti cha nyuma wakati wa somo la mwingine. Mwalimu anayepiga kelele na kunyakua usukani hafai. Na asiyekubali kutazamwa, aachwe. Shule ya karibu ikishindwa ukaguzi huu, nauli ya kwenda mbali si hasara.

Kwa magari ya abiria hesabu hubadilika. Tarehe 28 Juni 2025, basi na gari dogo la abiria viligongana na kuwaka moto eneo la Sabasaba, Same, na watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha; taarifa za awali zilieleza kwamba tairi la basi lilipasuka. Kulidhibiti gari zito lililopasuka tairi na kulikagua kabla ya safari ni kazi ya mafunzo marefu, yanayohitaji magari makubwa na karakana ambavyo shule ndogo haina. Hapo vyuo vya taifa ndivyo mahali pake: Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975 na kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, au VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo kituo chake cha Kihonda, Morogoro, hufundisha madereva. Sheria nayo haimruhusu mwenye leseni mpya kurukia basi. Hutakiwa ashike leseni ya daraja D, la gari dogo, kwa miaka 3 ndipo aombe daraja la magari ya abiria. Miaka hiyo inamtosha kijana wa Kifaru kuzoea milima yake kwa gari dogo na kuweka akiba ya ada ya Mabibo.