Leza za Uzi wa Kioo Zenye Nguvu Kubwa
Leza ya uzi hutengenezwa kwa uzi wa kioo ambao kiini chake kimetiwa kiasi kidogo cha metali adimu. Elias Snitzer aliionyesha nchini Marekani mwaka 1961, akitumia neodimiamu. Kwa miaka mingi nguvu yake ilibaki ndogo, maana ilikuwa vigumu kuingiza mwanga mwingi katika kiini chembamba kuliko unywele. Ufumbuzi, mzuri kwa wepesi wake, ulikuja miaka ya 1980: ganda la pili. Mwanga wa diodi huingizwa kwenye ganda pana la ndani, hudundadunda humo, na kila unapokatiza kiini hunyonywa na atomi za metali.

Kati ya metali hizo, itebiamu ndiyo inayoongoza. Hupokea mwanga wa nanomita 976 na kuutoa karibu na 1,070, hivyo sehemu ya nishati inayolazimika kugeuka joto haifiki asilimia 10. Mwaka 2004 watafiti wa Southampton, Uingereza, walivuka kilowati 1 katika uzi mmoja. Metali nyingine, thuliamu, hutoa mwanga wa mikromita 2 hivi. Ikiamshwa kwa mwanga wa nanomita 793, fotoni moja inaweza kuamsha atomi mbili, jambo la kustaajabisha kweli.

Vikwazo vikuu vya kuongeza nguvu ni ukali wa mwanga wenyewe, unaoleta mtawanyiko wa Raman na wa Brillouin unaopora nishati ya mwale, na kuyumba kwa mwale kunakoletwa na joto. Kupanua kiini hupunguza ukali, lakini huweza kuharibu umbo la mwale. Kuelekea mikromita 3, silika, kioo cha kawaida cha nyuzi hizi, hufyonza mwanga mno, na hapo hutumika kioo cha floridi, ambacho hakivumilii joto kama silika.