Kishikwambi kabla ya mizani? Subiri kwanza



Kila alizeti inapovunwa, wageni huongezeka hapa Mwankoko. Huja wanunuzi na magari, huja wauza vitenge na masufuria, na siku hizi huja pia vijana nadhifu wenye vishikwambi. Kifaa ni chembamba, kioo kinang'aa, kina kava la rangi nzuri, na hata asiyejua kusoma anakifungua kwa kidole. Kijana anasema: "Mzee, humu ndani kuna bei za masoko, hali ya hewa, daktari wa mifugo na shule ya watoto. Toa kianzio leo, nyingine utalipa kidogo kidogo."

Wengi mmeniuliza kama kinafaa. Nitajibu bila kuzunguka: kwa kaya nyingi za hapa, mwaka huu, hakifai kwa bei hiyo. Kifaa chenyewe hakina ubaya. Ubaya ni kwamba mnauziwa kitu cha tano kabla ya cha kwanza.

Tupige hesabu

Chukua karatasi. Tuseme kishikwambi ni shilingi 400,000 taslimu. Kwa mkopo unatoa kianzio cha 80,000, kisha 1,500 kila siku kwa mwaka mzima. Elfu moja na mia tano inaonekana ni hela ya soda na maandazi, lakini mara siku 365 ni 547,500. Ongeza kianzio, unafika 627,500. Umelipa 227,500 zaidi ya bei ya taslimu. Weka na bando la 10,000 kwa mwezi, mwaka unaisha ukiwa umetoa 747,500. Hizi ni namba za mfano, kwa hiyo weka za mkataba wako. Halafu gawanya jumla kwa bei ya gunia la alizeti ya wiki hii. Hayo ndiyo magunia unayolipa.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hulisema kwa sauti ndogo: vifaa vingi vya mkopo hujifunga usipolipa. Mama mmoja wa kijiji jirani aliuza alizeti yake mapema, bei ikiwa bado chini, ili apate kianzio. Miezi miwili baadaye mtoto aliugua, malipo yakakatika, kioo kikafungwa. Magunia yalishaondoka, na kifaa kikabaki kabatini hakiwaki. Alipoteza mara mbili: kwenye bei ya alizeti na kwenye kifaa.

"Afisa, unataka tubaki nyuma"

Najua mtasema hivyo. Mimi mwenyewe natumia vifaa hivi kazini na sivichukii. Ila tuangalie vimefanya kazi wapi.

Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 mnaikumbuka. Makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, na nchi ikapata hesabu ya watu 61,741,120. Vifaa vilifaa kwa sababu kila kimoja kilikuwa na kazi yake: maswali yalishawekwa ndani, makarani walifundishwa, na majibu yalikuwa na mahali pa kwenda. Jiulize sasa: siku ya kwanza ukikibeba nyumbani, kazi ipo? Nani kakuwekea? Nani atakufundisha? Usipokuwa na jibu, umenunua televisheni ndogo. Kununua televisheni si kosa, lakini usiihesabu kuwa pembejeo.

Upande wa pili, angalia huduma iliyobadilisha biashara ya kijijini kuliko nyingine yoyote: kutuma pesa kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia kwetu mwaka 2008, na ilifanya kazi kwenye kitochi. Mpaka leo ukiwa na kiswaswadu unaweza kubonyeza \*152\*00# ukafika kwenye huduma za serikali, za kilimo zikiwemo. Utabiri wa mvua za Msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa unasomwa redioni, na mimi naubandika ofisini kwa lugha nyepesi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yale anayokuahidi kijana yule, tayari unayo mfukoni.

Bei unaijua, uzito je?

Hapa ndipo ninapogombana na wauzaji, na nanyi pia kidogo.

Tuseme kishikwambi kimekuonyesha bei ya kilo moja ya alizeti Singida mjini. Vizuri. Wewe unauza kwa nini? Kwa gunia na kwa debe. Kiwandani wanapima kwa kilo, sisi tunapima kwa macho. Mnunuzi akikuzidi kilo 5 tu kwa kila gunia, katika magunia 20 umempa kilo 100 bure. Kwenye vitunguu ni vibaya zaidi. Lumbesa imekatazwa na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini bado tunaona magunia yamefungwa vilemba kama maharusi, na mwenye shamba amesimama pembeni akicheka na mnunuzi.

Bei bila uzito ni habari tu, haikupi nguvu ya kukataa. Mkulima mwenye mizani na kitochi atamshinda mkulima mwenye kishikwambi na debe, msimu baada ya msimu.

Mpangilio ninaoshauri

1. Mizani ya kikundi. Changeni kaya kumi au kumi na tano, mnunue mizani moja iliyohakikiwa na kugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo. Uhakiki unarudiwa kila mwaka. Mnunuzi asiyetaka mizani yenu, mwulizeni anaogopa nini.

2. Chanjo ya kuku. Kuku wa Singida wana jina nchi nzima, na kideri kinawamaliza kwa wiki moja. Chanjo ya matone ya jicho hurudiwa kila miezi mitatu, na chupa moja inatosha majirani kadhaa. Mkipanga siku moja, mtachanja wote kwa gharama ndogo.

3. Mifuko isiyopitisha hewa. Ile ya PICS, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba, inatunza mtama, mahindi, kunde na choroko bila dawa. Mwenye akiba salama hauzi kwa njaa mwezi wa sita.

4. Mbegu bora na daftari la mauzo. Daftari ni bei ya chini kuliko vyote, na wengi wenu hamna.

5. Hapo ndipo kishikwambi. Na kiwe na mwenye kazi nacho.

Nani anunue sasa?

Wapo, nisiwafiche. Katibu wa kikundi au AMCOS anayetunza orodha ya wanachama, mizigo na malipo, kwa fedha ya kikundi na kwa makubaliano ya mkutano. Mwenye duka au mnunuzi wa mazao anayeandika mauzo kila siku na kuwasiliana na wateja wa mbali, kwa sababu kwake kifaa kitajilipa. Na mzazi mwenye mtoto wa sekondari anayeweza kulipa taslimu: vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo kwenye maktaba mtandao yao na vinasomwa bure, ukiacha bando. Ila mzazi akae karibu, maana kioo kile kile kina vitabu na kina mpira.

Hata hawa nawashauri waulize mambo manne kabla ya kutoa hela: Jumla nitalipa shilingi ngapi mpaka mwisho? Nikikwama mwezi mmoja kinajifunga? Kioo kikivunjika fundi yupo mjini, na bei yake ni ipi? Chaji inakaa siku nzima? Muuzaji akijibu "usijali", basi jali.

Nami nawaomba jambo moja. Ukipewa mkataba, usiweke kidole gumba hapo hapo barazani. Njoo nao ofisini, tuusome wote mstari kwa mstari. Kijana mwenye biashara safi atasubiri siku mbili. Akikataa kusubiri, umeshapata jibu bila kulipa hata senti.

Kwa wanaotaka kuchangia mizani, leteni majina ya wanakikundi kabla magari ya wanunuzi hayajaanza kupita. Kazi njema.