Kubadili kamera ni kuuza kikosi kizima

Dirisha la usajili likifunguliwa, shabiki anataka jina jipya. Anacheza namba ngapi, atamtoa nani kikosini, hayo yatajulikana mbele ya safari. Kwanza apigwe picha ameshika jezi, mzuka upande.

Ugonjwa huo umefika mpaka nyuma ya goli, pale wanapokaa wapiga picha na vizibao vyao. Kila msimu yupo anayeuza kamera yake ndogo ya DSLR na kuhamia kampuni nyingine, kisa jirani yake wa upande wa kona amekuja na mashine mpya.

Shabiki atauliza, hilo linamhusu nini? Linamhusu sana. Ile picha ya bao la dakika ya 90 inayozunguka kwenye simu usiku kucha, na kesho yake ipo ukurasa wa mbele, haikupigwa na mtu wa jukwaani. Imepigwa na mtu aliyekaa chini juani, na mara nyingi kamera ni ya kwake, kainunua kwa kudunduliza au kwa mkopo. Akiingia mkenge kwenye kubadili, anaumia yeye kwanza. Kisha anaumia shabiki, anayeletewa picha ya mgongo wa beki wakati straika anacheka na nyavu.

Presha sasa imepanda, maana Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa AFCON ya 2027. Kila mpiga picha wa pembeni mwa uwanja anataka siku hiyo aonekane naye yumo. Ndiyo maana hili ni la kusemwa mapema, kabla watu hawajauza vitu vyao kwa bei ya kutupa.

Mpira unaeleza jambo lenyewe vizuri. Bodi ya kamera ni kocha, lenzi ni wachezaji. Kocha anakuja na kuondoka, lakini mabao yanafungwa na wachezaji. Tatizo ni kwamba kila kampuni ina mdomo wake wa kufungia lenzi. Lenzi ya Canon haiingii kwenye Nikon, na ya Nikon haiingii kwenye Canon. Kwa hiyo anayehama kampuni hafukuzi kocha peke yake. Anauza kikosi kizima, kipa mpaka winga, pamoja na betri, chaja na flashi, halafu anaanza kusajili upya kwa pesa ya hasara.

Historia ina mafunzo yake. Mwaka 1987 Canon waliuacha mdomo wao wa zamani wa FD wakaleta wa EF, uliokuja na mfumo wa EOS. Waliokuwa na lenzi za FD walibaki wameshika vichwa, maana hazikufunga kwenye kamera mpya. Lakini fokasi ya kujiendesha ya EOS ilikuwa na kasi, na katika miaka iliyofuata zile lenzi kubwa nyeupe zikajaa pembeni mwa viwanja vya dunia. Mwaka 2007 Nikon wakajibu na D3, kamera iliyoona vizuri gizani, baadhi ya waliohama wakarudi. Mwaka 2017 Sony wakaja na A9, isiyo na kioo ndani, inayopiga picha 20 kwa sekunde. Mwaka 2021 Nikon wakatoa Z9 na Canon wakatoa R3.

Huo ni msimamo wa ligi. Anayeongoza leo, mzunguko wa pili yupo nafasi ya tatu. Mpiga picha anayehama kila kinara anapobadilika atahama maisha yake yote, na kila akihama anaacha pesa njiani.

Kuna la kuogopesha zaidi, nalo ni kusajiliwa na timu inayoelekea kufutwa. Mwaka 2003 Olympus walileta mfumo wa Four Thirds kwa ahadi ya DSLR ndogo na lenzi nyepesi. Mwaka 2008 walikuwa na E-420, kati ya DSLR ndogo kabisa duniani wakati huo. Mwaka huohuo, wao na Panasonic wakatangaza mfumo mwingine, Micro Four Thirds, wenye mdomo tofauti. DSLR yao ya mwisho, E-5, ilitoka mwaka 2010, na hadithi ikaishia hapo. Walionunua kwa sababu ya udogo na wepesi walijikuta na kikosi kizuri kisicho na ligi ya kuchezea.

Wapo wanaojibu kwamba mbona wakubwa wamehama. Ni kweli. Mwaka 2020 shirika la habari la Associated Press lilitangaza kwamba wapiga picha wake dunia nzima watatumia vifaa vya Sony. Lakini pale lilihama shirika lenye mkataba na kampuni. Mpiga picha wake hakuuza pikipiki ili apate lenzi. Kumuiga mtu wa namna hiyo kwa pesa ya mkopo ni sawa na timu ya daraja la kwanza kutaka kulipa mishahara ya Real Madrid.

Kingine ni kwamba wengi wanaotaka kuhama wanatibu ugonjwa usio wao. Malalamiko yao yanafanana: picha za usiku zina chengachenga, mchezaji anatoka na ukungu. Lawama zote anapewa kocha, wakati tatizo ni straika. Kumgandisha mchezaji anayekimbia kunahitaji kasi ya karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa kasi hiyo mwanga unaoingia ni kidogo mno. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera ndogo, ikivutwa mpaka mwisho, hufunguka f/5.6 tu. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya hiyo. Mechi ya saa 1 usiku iliyomlazimu mtu apandishe ISO mpaka 12,800 ataipiga kwa 3,200, kwa bodi ileile anayoitukana.

Halafu kuna suala la umbali. Sensa ya DSLR ndogo hukata pembeni, kwa hiyo lenzi ya milimita 200 kwenye Canon ndogo huona kama ya milimita 320. Mtu akihamia kamera yenye sensa kubwa, 200 inabaki 200. Goli la upande wa pili alilokuwa akilifikia jana, leo liko mbali. Kulirudisha karibu kunataka lenzi kubwa zaidi, na ikiwa mpya na ya f/2.8, bei yake inanunua bodaboda zaidi ya moja.

Sifa nyingine za kamera mpya hazina kazi kubwa uwanjani. Ukimya, kwa mfano. Kwenye gofu unasaidia kweli. Kwa Mkapa, penye watu 60,000 na mavuvuzela, nani atasikia kamera inalia? Tena ukimya huo una gharama yake kwenye kamera nyingi za bei ya chini. Sensa zao husoma picha mstari kwa mstari, na mpira uliopigwa shuti kali unaweza kutoka umepinda kama yai, huku mabango ya taa pembeni mwa uwanja yakitoka na michirizi. Mwenye kamera hiyo analazimika kurudi kwenye shata ya kawaida, ile yenye kelele aliyoikimbia.

Usisahauliwe pia mkono. Lenzi za Canon huzungushwa upande mmoja kuvuta picha, za Nikon na Sony upande wa pili. Aliyezoea miaka kumi hafikirii, mkono unajua wenyewe. Akihama katikati ya msimu, straika akichomoka peke yake na kipa, mkono utazungusha kwa mazoea, na badala ya kuvuta karibu utasukuma mbali. Mpaka autulize, wachezaji wanarudi katikati kuanza upya. Bao la namna hiyo halina marudio kwa mpiga picha.

Haya yote hayana maana kwamba DSLR itadumu milele. Canon EOS-1D X Mark III na Nikon D6, zote za mwaka 2020, ndizo za mwisho katika daraja lao, na nguvu za kampuni zimehamia kamera zisizo na kioo. Fokasi yake inayomtambua mchezaji na kumfuata katikati ya msitu wa miguu ni msaada wa kweli, hasa kwa anayeanza. Siku itafika kila mmoja avuke. Swali ni lini, na kwa njia ipi.

Njia ya mwenye pesa ya mawazo ipo wazi. Kwanza lenzi, na wakati ni huu, maana wenye uwezo wanaohama wanaacha lenzi nzuri za DSLR kwenye soko la mtumba. Pili, anayevuka avuke ndani ya kampuni yake. Lenzi za EF zinafanya kazi kwenye kamera mpya za Canon kwa adapta, na fokasi inabaki. Nikon nao wana adapta ya FTZ, ila lenzi zao za zamani zisizo na mota ndani zitalazimika kufokasiwa kwa mkono, hivyo mtu akague yake kabla ya kutoa hela. Tatu, aazime kamera mpya apige nayo mechi mbili, moja ya jioni na moja ya usiku. Nne, abadili ligi ikiwa imesimama.

Klabu na vyombo vya habari navyo vina deni hapa. Vinachukua picha hizo kila wiki, vinapamba kurasa na akaunti zao, na vingi havijui hata lenzi iliyopiga ilinunuliwaje. AFCON ikifika, vitataka picha za kimataifa kutoka kwa mtu yuleyule anayelipwa kwa kuchelewa. Klabu inayoweza kusajili winga wa kukaa benchi msimu mzima haishindwi lenzi moja ya f/2.8 ya kuazimisha watu wake.

Mpaka hapo, mpiga picha mwenye DSLR yake ndogo na lenzi inayoona gizani abaki nayo. Jumapili kuna mechi, na straika hachagui kamera ya kumfungia mbele yake.