Televisheni Isipoiona Kompyuta



Kuanzia Katesh hadi Haydom, wapo kati yetu waliounganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni, ili familia itazame kwaya, mahubiri na masomo ya watoto. Jioni umeme hukatika. Ukirudi, televisheni huandika "No Signal", yaani hakuna picha inayoifikia. Baba huwakemea watoto, watoto husingiziana, na fedha za ada huanza kupigiwa hesabu ya televisheni mpya.

Mama, tulia kwanza. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kompyuta inapowaka huuliza kupitia waya kama kuna televisheni upande wa pili, na inapokea picha ya namna gani. Umeme ukirudi na kompyuta ikawaka wakati televisheni bado imezimwa, huenda isipate jibu, nayo isipeleke picha. Fanya hivi:

1. Kwa rimoti, bonyeza kitufe cha "Source" au "Input", uchague HDMI yenye namba ya tundu lililochomekwa waya.

2. Picha isipotokea, zima kompyuta na televisheni, uzichomoe kwenye umeme kwa dakika chache. Chomoa waya wa HDMI ncha zote mbili, kisha uurudishe mpaka uingie sawasawa.

3. Washa televisheni kwanza, chagua HDMI, ndipo uwashe kompyuta.

4. Kama ni kompyuta ya mkononi inayotumia Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P, uchague "Duplicate".

5. Jaribu tundu lingine, kisha waya wa kuazima kwa jirani. Kama una king'amuzi cha HDMI, kichomeke kwenye tundu lile lile. Kikitoa picha, televisheni yako ni nzima. Tatizo liko kwenye waya au kompyuta.

Ikishindikana, mwite fundi, umweleze yote uliyojaribu. Usifungue televisheni mwenyewe, maana ndani huweza kubaki umeme hata ikichomolewa. Na radi ikianza kunguruma, usiguse nyaya; chomoa kila kitu mapema, mawingu yanapokusanyika.

Jambo la mwisho ni la malezi. Tusimwadhibu mtoto kabla ya kujua kama kosa ni lake. Ikionekana ni umeme tu, baba na mama wamwombe radhi yule waliyemkemea, naye atajifunza kwenu kuomba radhi.